Mashine Iliyougua Kila Jumapili

Kompyuta ya Egla iliugua kweli mara mbili tu, mara ya kwanza na mara ya mwisho. Magonjwa yote ya katikati aliyatia mwenyewe, kwa vidole vyake, mchana kweupe, na mlango wa mbele ameutia komeo ili jirani asije akamkuta.

Mwanawe Eudomar ndiye aliyeiunda mashine hiyo. Haikutoka dukani ikiwa nzima. Aliiokoteza kipande kipande, feni kwa rafiki, kioo kwenye ofisi iliyofungwa, ganda la bati kwa binamu aliyehamia Kolombia, akaiunganisha juu ya meza ya kulia chakula hapo Maracaibo, kwenye joto ambalo hata paka hulala chali. Muda wote huo mama yake alikula sahani ikiwa mapajani. Alilalamika, lakini malalamiko ya mama mwenye mtoto nyumbani ni kama kuimba. Mashine ilipowaka, Eudomar akamfundisha pa kubonyeza ili aonane na mtu aliye mbali.

"Na huyo mtu wa mbali ni nani?" Egla akauliza.

Kijana akainamisha kichwa. Mwezi haukuisha, akapanda basi la kwenda Lima, nchi ya Peru, kama walivyoondoka nusu ya vijana wa mtaa. Baba yake alikwisha kufa zamani. Nyumba ikabaki na Egla, picha ya Bikira ukutani, na mashine.

Jumapili walionana. Mtandao ukiamka vizuri, uso wa Eudomar ulitokea, ukakwama mdomo wazi, ukapotea, ukarudi.

"Ma, unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Umekula?"

"Nimekula. Ma, nakuona paji la uso tu. Shuka kidogo."

Egla akashuka kidogo. Baada ya hapo maneno yakaisha. Angemwambia nini? Kwamba maji hayajatoka? Kwamba jirani wa kulia naye ameondoka na kuacha mbwa analia getini? Mama hamtwishi mzigo mtoto aliye ugenini, na mtoto naye hakumtwisha mama. Wakabaki kutazamana kama watu waliopishana mlangoni mwa hospitali, kila mmoja akiogopa kumuuliza mwenzake amekuja kumwona nani. Kisha Eudomar angesema mapumziko yameisha. Alifanya kazi kwenye mkahawa wa kuku wa kuchoma, na Jumapili ndiyo siku ambayo Lima nzima inataka kuku.

Basi, Jumapili moja mashine ikagoma. Feni ilizunguka, kijitaa kikawaka, lakini kioo kilibaki cheusi, na ndani ya bati kukatoka mlio mrefu, ukanyamaza, ukarudi, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Eudomar alipomkosa kwenye kioo akapiga simu ya waya, ile ya ukutani, kwa maana simu ya mkononi ya Egla ilikwisha kunyakuliwa kwenye kituo cha basi.

"Imekufa, baba," Egla akasema, na sauti yake ikatetemeka.

"Haijafa. Kitu kilichokufa hakilii. Vuta waya wa simu, nisogezee nisikie." Akasikiliza. "Hiyo ni memori. Inasema haioni memori yake. Sasa Ma, kabla ya lolote, chomoa waya ukutani. Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Umevaa ndala?"

"Nimevaa, wewe! Utanifundisha ndala mimi niliyekufundisha?"

Ndala katika mtaa ule si jambo la kucheka. Nyumba ni za zamani, soketi zina matundu mawili, na plagi za siku hizi zina miguu mitatu. Kwa hiyo kila mtu huukata mguu wa tatu kwa koleo na kuutupa, ule ule mguu uliowekwa ili umeme uliopotea njia upate pa kushukia. Ndiyo maana friji za huko humuuma mtu, na mashine za kufulia humuuma, na mtoto hufundishwa kuvaa ndala kabla ya kugusa friji hata kabla hajafundishwa ishara ya msalaba.

Eudomar akamwongoza. Afungue skrubu mbili za nyuma. Auvute ubavu wa bati. Atazame karibu na feni, ataona vijiti viwili vimesimama sambamba, kila kimoja kimebanwa na vikucha vyeupe huku na huku.

"Sukuma vikucha kwa nje, kijiti kitainuka chenyewe."

"Nitakivunja."

"Ma, wewe unachinja bata mzinga kwa mkono mmoja na mwingine umeshika simu. Sukuma."

Akasukuma. Kijiti kikainuka. Meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa jasho la hewa ya ziwani.

"Una raba ya kufutia?"

"Ninayo yako ya darasa la tatu."

"Ma! Mpaka leo?"

"Raba haiozi."

Eudomar akacheka mpaka akakohoa. Egla akayasugua meno yale polepole, kama anayemsafisha mtoto masikio, huku kijana akimsimulia mpishi mkuu wa pale mkahawani, mtu mfupi anayeimba kanisani na kutukana jikoni. Wakajaribu kijiti kimoja peke yake. Wakajaribu cha pili. Mchana wote ukaenda hivyo. Kioo kilipowaka wakapiga kelele wote wawili, yule wa Lima na yule wa Maracaibo, na mbwa wa jirani akaitikia.

Siku ile Egla alikula akashiba.

Jumapili iliyofuata mashine ilikuwa nzima. Uso ukatokea, ukakwama. Umekula, nimekula, mapumziko yameisha. Na iliyofuata vilevile. Ndipo Jumapili nyingine, kabla ya saa ya kuonana, Egla akatia komeo mlangoni, akavaa ndala, akachomoa waya, akashika bisibisi. Akasukuma vikucha vyeupe, akakiinua kijiti kidogo tu, unene wa ukucha. Akarudisha bati. Akamgeukia Bikira wa ukutani.

"Sijavunja kitu," akamwambia.

Mashine ikalia, simu ikalia, na mchana ukawa mrefu tena.

Njaa ya sauti ya mtoto ni njaa kama nyingine. Mtu hali mara moja akasema nimeshiba maisha. Wiki nyingine aliulegeza waya wa kioo kwa nyuma. Wiki nyingine aliuchomoa waya mwembamba wa diski. Kila mara Eudomar alianza mwanzo, kwa subira, kama daktari aliyeketi mbele ya mgonjwa.

"Kitu kimoja kwa wakati mmoja, Ma. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua kipi kilichoponya."

Egla akajifunza. Alijua mlio wa kukosa memori na mlio wa kukosa picha. Alijua betri ndogo ya duara inayoshika saa. Alijua kwamba feni ikizunguka haimaanishi moyo unapiga. Vidole vilivyokuwa vikiogopa skrubu sasa vilizitoa bila kutazama. Na katikati ya skrubu na skrubu, kulikuwa na sauti ya mwanawe, ikipumua, ikisema subiri kidogo Ma, hebu nifikiri.

Eudomar akafikiri labda ni kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine, maana umeme wa mji ule hupanda na kushuka kama homa. Akaomba Nerio, jirani wa ng'ambo ya barabara, alete cha kwake wajaribu. Nerio alikuja na kisanduku kwapani na mandoca, andazi la mahindi, mkononi, anatafuna.

"Bi Egla, hii mashine yako ina dini kunishinda mimi. Wiki nzima inafanya kazi, Jumapili inapumzika."

"Mbona wewe unapumzika wiki nzima na hatusemi?"

"Mimi naumwa mgongo."

"Mgongo huo mbona uliuvuta juzi ukicheza nyumbani kwa Ender mpaka alfajiri?"

"Ulikuwa unauma, nilikuwa naunyoosha."

Eudomar akacheka kutoka kwenye simu. "Nerio, angalia humo ndani kama hakuna mjusi. Pengine mjusi ndiye anayelegeza nyaya."

"Mjusi gani atakaa humu na joto hili? Mjusi ana akili, alishaondoka zamani. Mtafute huko huko Lima."

Wakacheka, na Egla akacheka nao, lakini mgongo wake ulikuwa umeloa jasho. Kisanduku cha Nerio hakikuponya kitu, kwa sababu kisanduku hakikuwa na kosa. Mwishowe Egla akajifanya anapapasa nyaya, akaubana ule wa diski, mashine ikaamka. Nerio akapiga ishara ya msalaba. Eudomar hakucheka.

"Hainiingii akilini," akasema. "Ugonjwa wa mashine haurukiruki. Ukianzia kwenye memori hubaki kwenye memori. Huu unahama kila wiki kama mpangaji anayekimbia kodi. Nitausoma. Nitausoma mpaka niujue."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Jambo jingine pia lilikuwa limebadilika. Zamani nyuma yake zilisikika sahani na kelele za yule mpishi, na sasa hazikusikika. Zilisikika honi za magari, mara upepo, mara mtu akipita na kusalimia. Egla aliyasikia hayo yote. Mama husikia. Lakini alichofurahia ni kimoja, kwamba mapumziko hayakuisha tena. Eudomar alikaa kwenye simu muda aliotaka mama yake. Egla hakuuliza kwa nini, kwa sababu mtu aliyepewa maji wakati wa kiu haulizi kisima ni cha nani.

Jumapili ya mwisho umeme ulikatika asubuhi. Ikasikika mtaa mzima, "Umekatikaa!" na baada ya kelele hiyo kila nyumba watu wakakimbilia kuchomoa friji na feni, maana umeme wa huko ukirudi hurudi na hasira, na chochote kilichochomekwa hukiunguza. Egla naye akachomoa friji, akachomoa feni. Plagi ya kompyuta ilikuwa nyuma ya kabati, chini kabisa, na kiuno kilikuwa kinamuuma. Akasema moyoni, umeme wenyewe haupo, kitu kimekufa, nitainama kwa lipi? Tena akaona ndiyo nafasi njema ya kulegeza memori, umeme ukirudi simu itakuwa inakaribia. Ndala zilikuwa nje zinakauka, alikuwa ametoka kupiga deki. Akaingia miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Wewe mama unayesoma, hapa ndipo usimame. Waya uliochomekwa ukutani si waya mfu. Umeme umekwenda tu, na hauagi ukiondoka wala haubishi hodi ukirudi.

Alikuwa amekitoa kijiti kimoja na kukiweka mezani. Cha pili alikishika nusu ndani, nusu nje. Kutoka mwisho wa barabara sauti ikaja ikiruka nyumba hadi nyumba kama mvua juu ya mabati, "Umerudiii!" Na Eudomar, siku zile za meza ya chakula, alikuwa ameipanga mashine iwe inajiwasha yenyewe umeme unaporudi, ili mama yake asiwe anainama kutafuta kitufe.

Ikaamka mikononi mwake. Cheche ya buluu ilichomoza pale kwenye meno ya kijiti, na mkono wake mwingine, ulioegemea bati, ukaumwa hadi begani. Ukaruka wenyewe, ukapita kwenye ukingo wa bati, kiganja kikachanika. Alijikuta amekaa chini kwenye maji, meno yanagongana, harufu ya plastiki na nywele zilizoungua imejaa chumba. Alisubiri ule mlio wa kifaranga. Haukuja.

Simu ikalia. Ikalia sana. Mpaka ainuke, ajifunge kitambaa, auchomoe ule waya kwa mpini wa ufagio, ilikuwa imekata na kuanza tena.

"Ma! Ulikuwa wapi?"

"Nipo."

"Haya, tuanze. Feni inazunguka?"

"Haizunguki."

"Inalia?"

"Hailii."

"Kuna harufu?"

"Ipo. Ya kuungua."

"Ilikuwa imechomekwa umeme uliporudi?"

"Ndiyo."

"Nusa karibu, niambie harufu inatoka wapi."

Egla akainama, akanusa. "Kwenye memori."

"Kijiti kimekaa sawa?"

"Kimeinama. Jino moja limeyeyuka."

"Na kile cha pili?"

Egla angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amezoea kumjibu kweli katika mambo ya vipande. Uongo wake wote ulikuwa nje ya bati, haukuwahi kuingia ndani. "Kipo mezani," akasema.

Upande wa pili honi za Lima zikasikika moja moja.

"Vile vikucha havifunguki vyenyewe, Ma," Eudomar akasema hatimaye, taratibu, kama alivyozoea kuhesabu vipande akivitoa kimoja kimoja kwenye lawama. "Memori tuliihamisha. Waya tuliukaza. Kisanduku alileta Nerio cha kwake. Hakuna tusichokibadilisha ila..." Hakumaliza. "Tangu lini?"

"Tangu baada ya ile raba."

Alingoja apigiwe kelele. Kelele ingekuwa nafuu.

"Mimi nilifukuzwa kazi, Ma. Ile Jumapili ya waya wa kioo. Msimamizi alikuja uani akaniambia kata simu, meza zimejaa. Nikamwambia siwezi, mama yangu yuko peke yake ameshika bisibisi. Akaniambia basi kaa naye."

Egla akashika ukuta. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuhangaikia mashine, ukaanza kunihangaikia mimi. Nauza kahawa barabarani kwa chupa ya thermosi. Wateja wakipungua nakaa kwenye ngazi za watu nasoma magonjwa ya mashine yako. Nimesoma mpaka naota." Akapumua. "Ungesema tu, baba, kaa nami kidogo."

"Ungekaa?"

Kijana akafikiri kweli. Hakutaka kumpa mama yake jibu la kumtuliza.

"Sijui," akasema.

Kisha, kana kwamba limemjia sasa hivi: "Umeumia?"

"Hapana."

"Ma."

"Kiganja. Kidogo tu. Na bega lina ganzi."

"Ulikuwa na ndala?"

Egla akaitazama miguu yake mitupu.

"Ungekufa," Eudomar akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Ungekufa sakafuni hapo, na mimi huku nasikiliza simu inaita, najiambia labda yuko nje na Nerio."

Akakata. Au mtandao ulikata. Egla alishika mkono wa simu mpaka ukaanza kulia tuu, tuu, tuu, na hata hapo hakuurudisha.

Nerio alikuja kuitazama mashine, akanusa, akatikisa kichwa, na safari hii hakuwa na utani. Akaomba feni ya mashine, kwa kuwa ilikuwa bado nzima. Egla akampa. Ganda la bati likabaki mezani, na yeye akarudi kulia chakula mapajani ingawa meza ilikuwa na nafasi.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Egla alikaa chini yake kuanzia misa ilipotoka hadi kuku wa jirani walipopanda kulala. Aliinua mkono wa simu mara kadhaa kusikiliza kama laini ipo. Ilikuwapo.

Jumapili ya pili yake ikalia.

"Ma. Mkono?"

"Umeziba. Umekula?"

"Nimekula. Huku baridi imeanza, kahawa inakwenda."

Ndipo Egla akafahamu kwamba anajua jina la kila kipande ndani ya lile bati, lakini hajui mwanawe analala chumba cha namna gani, wala na nani, wala kama kina dirisha. Akataka kuuliza. Akafungua mdomo, na wakati huohuo mtu huko Lima akasema, "Kijana, mbili, moja bila sukari."

"Subiri, Ma."

Alisikia chupa ikifunguliwa. Alisikia mtu wa pili akiomba, na wa tatu akisema yeye ndiye aliyetangulia. Nyuma yake, jikoni kwake mwenyewe, friji likaanza kuguna. Lilikuwa linaguna tangu Alhamisi, mguno wa kweli, hakuna aliyeligusa. Mguno kama ule unahitaji mtu wa kuusikiliza, aulize unaanza lini, unaacha lini, avute friji ukutani, atazame nyuma. Mguno huo ungemaliza mchana mzima.

"Nimerudi, Ma. Ulikuwa unasema? Kuna kitu kimeharibika?"

Egla akalitazama friji.

"Hakuna," akasema. "Wewe una wateja. Nenda, baba, kahawa isipoe."

"Una hakika?"

"Nenda."

Akaurudisha mkono wa simu ukutani yeye wa kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mtoto aondoke. Friji likaguna. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akalisikiliza peke yake mpaka likanyamaza.